Basi Langu Liko Ng'ambo

Jumatatu, 2 Juni

Wateja watatu leo. Wawili walikuja kuuliza njia ya kwenda ng'ambo. Wa tatu aliuliza choo kiko wapi, akakitumia, kisha naye akaenda ng'ambo.

Wacha niandike hapa, maana humu nyumbani hakuna anayenisikiliza. Bwawa letu ni shimo la machimbo ya mawe. Wachimbaji walichimba mpaka chemchemi ikapasuka, maji yakajaa, wakakimbia. Siku hizi watu huja kujifunza kupiga mbizi. Upande huu ni wetu. Mke wangu ndiye anayefundisha, na bwawa zima linamwita Mwalimu. Mimi ni Mkurugenzi. Yeye huingia majini, mimi hupanga mambo. Masikio yangu hayapendi kina. Upande wa pili ni wa kaka yake, yaani shemeji yangu, mwenye shule kama yetu.

Tofauti ni moja tu: chini ya maji yake kuna lori. Wachimbaji waliliacha walipokimbia. Hakulinunua, hakulizamisha, hakulisukuma hata kwa kidole! Lakini msikie anavyosema "lori langu", utadhani alilizaa. Samaki wamehamia ndani ya kabini. Watu wanapigana vikumbo kupiga picha kwenye usukani. Na kwetu wanaona nini? Tope. Na kiti cha plastiki, ambacho nilikitupa mwenyewe ili pawe na cha kutazama.

Sasa habari yenyewe. Chama cha wapiga mbizi kinamleta mkaguzi Jumapili ya wiki ijayo. Atachagua mahali pamoja pa kufundishia walimu wapya wa msimu mzima. Jioni Mwalimu aliniambia, taratibu, huku akikunja mavazi ya mpira, kwamba mkaguzi akichagua ng'ambo tutafunga hapa, naye atakwenda kufundisha kwa kaka yake. Nikauliza, na mimi je? Akasema kaka yake anatafuta mtu wa kukaa getini.

Getini! Mimi! Nimfungulie Shemeji mlango kila asubuhi na kumpigia saluti!

Labda niwe maiti.

Jumanne, 3 Juni

Nimelipata jibu. Basi!

Lori ni nini? Viti viwili na tope. Basi lina madirisha, lina njia ya katikati, lina mlango wa mbele na wa nyuma. Wapiga mbizi kumi wanaweza kukaa kama abiria. Samaki wataleta jamaa zao. Ndani ya mwaka mmoja litaota majani na konokono, na watu watasahau kama duniani kuna malori.

Nilikwenda kwa muuza vyuma chakavu. Analo moja, la bluu, lilikuwa la shule. Mtu mgumu yule. Aliniuliza nalitaka la nini. Nikamwambia nataka kulizamisha. Akauliza kama mke wangu anajua. Kwa nini kila mtu huuliza hivyo?

Hatukuafikiana kwa fedha, basi tukabadilishana. Yeye kanipa basi, mimi nimempa kompresa. Tunazo mbili za kujazia mitungi hewa: moja tunaitumia, moja ya akiba, inakaa tu stoo chini ya turubai. Kitu kinachokaa tu ni hasara. Nilimpa ile ya akiba. Ilikuwa nzima kuliko hii tunayotumia, nakiri, lakini mwenye vyuma alikataa kuipokea hii.

Mwalimu sijamwambia kuhusu kompresa. Nimemwambia kuhusu basi. Kwa mshangao wangu, alisema wazo si baya.

Si baya! Miaka yote ya ndoa sijawahi kusifiwa namna hiyo.

Alhamisi, 5 Juni

Basi limefika, limevutwa na trekta. Fundi wa kuchomelea ametoa injini na tangi la mafuta, na tumelisugua kwa sabuni hadi likanukia kama nguo za kanisani.

Mwalimu alikuja na mamlaka yake yote. Akasema toa vioo vyote, mtu asije akajikata. Toa milango, mwanafunzi asije akafungiwa ndani. Toa viti, sponji inaelea na mikanda inanasa watu. Toa matairi, yamejaa hewa. Toboa paa, hewa ipate pa kutokea. Toa, toa, toboa! Nikamuuliza nikitoa vyote hivyo kitabaki nini, bati?

Nikaitikia kwa kichwa. Akaondoka kufundisha.

Vioo nimetoa. Milango nimetoa. Lakini basi bila viti ni kontena. Basi bila matairi ni kibanda. Na paa siligusi! Nimelipaka rangi nyeupe na kuandika KARIBU kwa herufi kubwa nyekundu, ili mtu anayeshuka kutoka juu asome. Nitoboe katikati ya neno? Liwe KA-shimo-IBU? Vile vifuniko vya hewa vya kwenye paa nimevifunga kabisa, vilikuwa vinapiga kelele.

Fundi alijikuna kichwa. Aliuliza kama nina uhakika. Nikamwambia yeye achomelee, kufikiri aniachie mimi.

Jumamosi, 7 Juni

Naandika kwa mkono wa kushoto. Wa kulia umechubuliwa na kamba.

Asubuhi watu walijaa kingoni kama harusini. Ng'ambo, Shemeji alitoa kiti chake, akaweka chupa ya chai pembeni, akakunja miguu. Nikasema moyoni, kaa vizuri, bwana mdogo, utazame.

Trekta lilisukuma. Basi likateremka ile njia ya zamani ya malori, likaingia majini kwa kishindo, mawimbi yakarowesha viatu vya watu. Vigelegele! Nikainua mikono.

Maji yakaingia madirishani. Basi likashuka, likashuka, likasimama. Paa lilibaki nje. KARIBU yote ilisomeka vizuri. Nikawaambia watu linapumua kidogo kwanza. Mwalimu alichungulia majini. Aliyaona matairi. Alitazama paa. Kisha akanitazama mimi, na sikuupenda mtazamo ule.

Hapo ndipo upepo ulipoanza.

Sijawahi kuona kitu kama kile. Basi liligeuka polepole, likatuonyesha mgongo, likaanza safari. Bila injini! Bila dereva! Lilikwenda kwa heshima zake, kama mtu anayerudi kwao. Nililiita. Ndiyo, nililiita, na watu wakacheka, wacheke. Nikaruka kwenye boti ya mpira, nikapiga kasia, nikalifikia katikati ya bwawa, nikafunga kamba kwenye fremu ya dirisha ili nilivute nyumbani.

Halikuvutika. Lilinivuta.

Tukavuka pamoja, basi mbele, Mkurugenzi nyuma, nikipiga kasia kwa nguvu zote kuelekea upande mwingine. Wateja wa Shemeji walikuwa wakipiga picha. Tulipofika kwenye maji yake, vifuniko vya paa vikaachia, hewa ikatoka kwa mluzi mrefu, na basi likaanza kuzama. Kule! Mbele ya kiti chake! Kamba ilikaza, pua ya boti ikaelekea chini, nami nikang'ang'ania mpaka maji yaliponifika kidevuni. Shemeji aliingia na nguo zake, akanishika ukosi, akanitoa kama paka.

Nilipokwisha kukohoa aliniambia, kwa adabu zote:

"Karibu, shemeji."

Jumapili, 8 Juni

Basi limesimama wima. Kwa matairi yake yote. Pembeni mwa lori, sambamba, kama vile liliegeshwa na dereva mwenye leseni. Mwalimu alikwenda kulitazama. Aliporudi alisema ni pazuri mno, mwanga unaingia kwa madirisha ya upande mmoja na kutokea upande wa pili. Nikamwambia asilisifu mbele yangu.

Foleni ng'ambo! Magari mpaka barabarani! Nilivuka kwenda kudai mali yangu. Shemeji alikubali mara moja kwamba basi ni langu. Hakuna ubishi, alisema, nilichukue tu wakati wowote nikipata nafasi. Wateja wake walivunjika mbavu.

Sikukata tamaa. Mchana nimeweka boya jekundu juu ya basi, limefungwa kamba mpaka kwenye fremu ya dirisha, na kibao: MALI YA UPANDE WA PILI. Kila atakayezamia pale atajua anazamia kwa nani.

Jioni nilitazama kwa darubini. Shemeji anatumia kamba ya boya langu kuwateremshia wanafunzi. Wanaishika vizuri, mmoja mmoja. Alinipungia mkono kushukuru.

Jumanne, 10 Juni

Kompresa imekufa. Ilikohoa, ikatoa moshi mweusi, ikanyamaza.

Mwalimu alikwenda stoo kuchukua ile ya akiba. Nilimsikia akifunua turubai. Chini ya turubai nilikuwa nimepanga ndoo. Kwa umbo zilifanana kabisa.

Sikutukanwa. Ningefurahi kutukanwa! Alikaa juu ya ndoo mojawapo, akauliza kwa sauti ndogo kama ile kompresa ndiyo lile basi. Nikasema ndiyo. Akauliza kama lile basi ndilo lililoko kwa kaka yake. Nikasema kwa sasa. Akasimama, akapakia mitungi mitupu kwenye gari, akaenda kuomba hewa kwa Shemeji. Hewa! Tunaomba hewa!

Lakini nilipokuwa nimekaa na zile ndoo, akili ilifunguka. Kama hewa ndiyo iliyolielea— andika vizuri, mzee— kama hewa ndiyo iliyolielesha, hewa ndiyo itakayoliinua! Nikifunga mapipa matupu ndani ya basi, mdomo chini, nikayajaza hewa kutoka kwenye mtungi, basi litapanda. Upepo ukigeuka, litarudi. Mapipa ninayo. Hewa nitatumia ya Shemeji. Utamu ulioje!

Nilimweleza Mwalimu. Alisema hapana. Nikamwambia afanye kwa ajili yangu. Alisema ndiyo maana hapana. Akaniambia pia kwamba bado siku chache mkaguzi aje, na kwamba anataka nikae tu. Nikae kimya, nikae kwenye kiti, nikae.

Sawa. Nitakwenda mwenyewe. Masikio ni masikio tu.

Alhamisi, 12 Juni

Nimezama na nimerudi. Naandika kwa mpangilio.

Mchana Mwalimu alikuwa akifundisha darasani. Nilivaa vazi lake la mpira. Lilifika magotini. Nikabeba mtungi mmoja wa kupumulia, mwingine wa kujazia, na pipa moja la kuanzia. Nikaenda kwa boti hadi kwenye boya langu. Shemeji hakuwepo. Nikashika kamba, nikashuka. Masikio yalipiga mayowe, nikabana pua, nikapuliza, yakatulia. Kumbe ni hivyo tu!

Na basi! Sikujua. Naapa sikujua litakuwa zuri namna ile. Maji ya kijani, mwanga umekatwa vipande na madirisha, samaki wadogo wameshakaa viti vya nyuma kama wanafunzi watundu. Nikaingia kwa mlango wa mbele. Nikakaa kwenye kiti cha dereva. Mtu gani asingekaa? Nikashika usukani. Nikasahau pipa, nikasahau Shemeji.

Kisha nikakumbuka kazi. Nikapuliza hewa kwenye pipa. Pipa halikuinua basi. Pipa liliniponyoka, likapiga dari, likatokea dirishani na kupaa. Tope la sakafuni likatimka. Giza! Sikuona hata mkono wangu. Nikageuka nitoke, kitu kikanishika mgongoni. Nikavuta, kikavuta. Mkanda wa kiti! Ulikuwa umeuma valvu ya mtungi. Nikaurudia usukani, nikaung'ang'ania hadi tope likaanza kutulia. Nilianza kupumua harakaharaka, na kila pumzi ilikuwa fupi kuliko iliyotangulia, nikawaza: Shemeji atahutubia mazishini.

Ndipo mkono ukanigusa kifuani. Haukunivuta. Ulitulia tu pale, ukabonyeza, ukaachia, ukabonyeza, ukaachia, taratibu, mpaka pumzi zangu zikaanza kuufuata. Kisha nikasikia mkanda ukikatwa. Tukatoka tumeshikana, tukapanda polepole sana. Nilitaka kukimbilia juu, akanishika mkanda wa kiuno kama unavyomshika mtoto sokoni.

Juu Mwalimu alinitoa kifaa mdomoni, akanipiga kibao. Kimoja. Kisha akanikumbatia.

"Pipa lilichomoka majini nikaliona kutoka dirisha la darasa," alisema. "Nikajua. Nafundisha watu wasife huku chini, watu nisiowajua hata majina. Sijawahi kuogopa kama leo. Nimechungulia dirisha la basi nimekuona umeshika usukani. Ulikuwa unakwenda wapi?"

Nikamwambia nilikuwa nakuja nyumbani.

Alilia. Mimi pia, ingawa maji ya bwawa yalisaidia kuficha. Nikamwahidi sitaingia tena peke yangu. Ahadi ile niliitoa kwa moyo mmoja.

Lakini ukweli usemwe: mkanda ule ulikuwa na kasoro ya kiwandani.

Ijumaa, 13 Juni

Mwalimu na kaka yake wameshinda ndani ya basi tangu asubuhi. Wametoa viti, wamekata mikanda, wametoboa paa. Wametoboa katikati ya R. Mimi nimekatazwa kusogea majini, hata kunawa miguu. Nimekaa kwenye kiti kama nilivyotakiwa, nikiwapigia kelele za maelekezo. Hawasikii, wako chini ya maji. Sikuacha.

Shemeji alipotoka kupumzika alinijia. Nilijiandaa kwa kejeli. Akasema alipoambiwa habari za jana usiku hakulala. Akasema nikitaka kuona basi tena nimwambie, atanishika mkono. Kisha akanigawia chai yake.

Ni mtu mjanja sana. Anatafuta nini?

Jumapili, 15 Juni

Mkaguzi amekuja. Mama mfupi, mwenye sauti ya kuamrisha, mtungi mgongoni kama mkoba wa sokoni. Nilikuwa nimefua shati la Mkurugenzi na kusimama kwenye ngazi zetu tangu alfajiri.

Alizama kwetu kwanza. Nikauma meno. Tope! Kiti cha plastiki! Kisha akaenda ng'ambo, akakaa chini muda mrefu, na kila povu lililopanda lilikuwa msumari kwenye jeneza langu. Nikaanza kufikiria sare za getini. Labda kofia.

Alipotoka alituita wote. Alisema hajaona sababu ya kuchagua. Upande wetu una ngazi nzuri na maji mafupi, ndipo mahali pa kuanzia mtu asiyejua kitu. Ng'ambo kuna kina, kuna lori na basi, ndipo mahali pa kumalizia. Kwa nini watu wa bwawa moja wana shule mbili? Kozi italetwa hapa, bwawa zima, mkuu wake awe Mwalimu na kaka yake amsaidie. Wakubali au wakatae.

Mwalimu alimtazama kaka yake. Kaka yake akanitazama mimi. Mimi nikatazama shati langu.

"Kuna jambo moja," mkaguzi akasema. "Nimeona mabasi na meli za kuzamishwa, mengi yamelala ubavu, mengine yamemezwa na tope. Hili limekaa kwenye mwamba mgumu, wima, pembeni mwa lori, kina kinachofaa. Nani alichagua pale?"

Shemeji alikohoa. Mwalimu alifumba macho.

"Mimi," nikasema.

"Ulijuaje?"

"Mahesabu," nikasema. "Hasa ya upepo."

Mkaguzi alinipa mkono! Shemeji aligeuka akatazama maji, mabega yakamtikisika. Nadhani alikuwa akilia kwa wivu. Mwalimu hakunisaliti. Baadaye tu, mkaguzi alipokwisha kuondoka, alinishika sikio, lile linaloniuma, akasema tumekubaliana wote watatu kuhusu kazi yangu mpya. Nitapokea wageni, nitachemsha chai, nitakunja kamba. Na sitaleta kando ya bwawa hili, maisha yangu yote, kitu chochote chenye matairi.

Nikasema ndiyo. Nikarudia neno kwa neno, kama alivyotaka. Chenye matairi.

Jumatano, 18 Juni

Siku tulivu. Nimepokea wageni, nimechemsha chai, nimekunja kamba. Mwalimu na kaka yake wanacheka pamoja darasani, sijui wanacheka nini. Nilitoka kidogo kununua majani ya chai.

Nje ya mji, nyuma ya shamba la mtu mmoja mnene mwenye kofia, kuna ndege. Ndege kabisa! Ndogo, ya kunyunyizia dawa mashambani, imekaa kwenye majani miaka mingi, kuku wanatagia ndani. Ina mabawa mawili marefu, mkia, na kiti cha rubani nyuma ya kioo. Matairi yalishaibwa. Haina hata moja!

Nimeipima kwa hatua. Itatosha vizuri mbele ya ngazi zetu, upande wetu kabisa, mahali ambapo wanaoanza wataiona kabla hawajaona kitu kingine chochote. Mabawa yana nafasi kubwa ndani, tupu, yamezibwa vizuri sana. Sitayagusa, ni kazi safi ya mafundi. Ndege iliumbwa kuruka, haikuumbwa kuelea, kwa hiyo hapo hakuna wasiwasi.

Mwenye shamba aliniuliza kama ninao uzoefu wa kuzamisha vitu vikubwa.

Nilimcheka hadi kuku wakatawanyika. Nikamwambia aende bwawani aulize mkaguzi anasemaje. Akauliza kama mke wangu anajua.

Trekta linakuja Ijumaa, Mwalimu akiwa darasani.